Mashimo ya Udongo Mwekundu

Hakuna mtu aliyechukiwa mjini Kisangani kama Cyprien mwenye upawa. Mwizi angalau huja akijificha. Cyprien alikuja mchana kweupe, kofia ya serikali kichwani, akaegemeza baiskeli ukutani, akapiga hodi na kuingia kabla hajakaribishwa. Alikuwa mlinzi wa afya, na kazi yake ilikuwa kuchungulia maji ya watu: mitungi, mapipa, hata kopo la maziwa lililosahauliwa nyuma ya choo. Aliyachota kwa upawa wake mweupe, akaugeuza juani, akahesabu viluwiluwi vya mbu. Akiviona, maji yalimwagwa hapo hapo na jina la mwenye nyumba likaandikwa kwenye fomu. Mama aliyekuwa ameyabeba maji hayo kichwani kutoka bombani alisimama akitazama jasho lake likinywewa na mchanga.

Walimwita Papa Ngungi. Ngungi ndiye mbu kwa Kilingala, na Kisangani Kiswahili na Kilingala hulala kitanda kimoja. Zamani alikuwa na jina jingine. Aliitwa Papa Colette, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mkewe Honorine aliitwa Mama Colette. Lakini Colette alikufa kwa homa mwezi wa kumi, mwaka wa hamsini na tano, akiwa na miaka miwili tu, na majirani kwa huruma wakaacha kulitaja jina hilo. Miaka miwili baadaye walikuwa na Léon, mtoto wa miezi kumi, ila watu walikuwa bado hawajathubutu kumwita Cyprien kwa jina la mtoto mwingine. Kwa hiyo akabaki Papa Ngungi, naye hakulalamika.

Alikuwa na kitu kimoja cha kumtuliza moyo. Ukutani pa sebule yake, chini ya picha ya Bikira Maria, ilining'inia medali ya shaba. Aliipata kwa ajili ya kinamasi cha upande wa juu wa mtaa wao wa Tshopo. Ni yeye aliyekipima, ni yeye aliyeandika: maji yaliyotuama, ni hatari, yafukiwe. Akatia saini. Mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na tano malori yalimwaga udongo mwekundu siku arobaini mfululizo, kinamasi kikawa uwanja, na Wazungu watatu wakaja kumpa mkono mbele ya watu. Siku hiyo Honorine alivaa kitambaa kipya, Colette akalala mgongoni mwake hotuba yote.

Sasa, mwaka wa hamsini na saba, ilikuwa zamu ya maji mengine. Upande wa chini wa mtaa palikuwa na dimbwi la zamani ambamo wanawake waliloweka mihogo ya kutengenezea kwanga, ule mkate wa mihogo unaofungwa majanini. Karatasi ya kulifukia ilikuwa tayari, malori yamepangwa, na ilikosekana saini ya Cyprien tu. Mkuu wake alimwambia wazi kwamba atakayeimaliza kazi hiyo ndiye atakayekuwa kiongozi wa walinzi wote ifikapo mwaka mpya. Cyprien alishika kalamu siku ile ile. Angetia saini, na hadithi hii isingekuwapo, kama si daktari mpya.

Huyo aliitwa Docteur Deweer, kijana mrefu mwenye shingo iliyoungua jua, na alikuwa na ugonjwa wa kutaka kuona kila kitu kabla ya kukubali chochote. Alitandika mezani ramani ya mtaa, kubwa kama shuka, akampa Cyprien penseli mbili, nyekundu na nyeusi.

"Cyprien, mji haiko mawe na mabati tu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Iko kama pori. Kila kitu inakula kingine, kila mayi inatoka mahali na inaenda mahali. Bon. Usisaini bado, fanya mwezi mmoja. Nyumba yenye homa mwaka huu, tia nukta nyekundu. Mayi yenye viluwiluwi, tia nukta nyeusi. Alors, tutaangalia pamoja."

Cyprien alisema oui, docteur, huku moyoni akisema: mgeni huyu, atazoea. Pori liko ng'ambo ya mto. Huku ni mji, una barabara na namba za nyumba.

Akaanza kazi. Wiki ya pili alifika kwa Mama Berthe, mjane wa watu wa maporomoko, wale wavuvi wanaotega mitego yao katikati ya maji yanayonguruma. Aliolewa Tshopo akiwa msichana, mume akafa, akabaki hapo akiuza kwanga, na ulimi wake ulijulikana mpaka mtaa wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Cyprien aliufunua mtungi wake mkubwa uliokuwa kivulini, akachota, na ndani ya upawa pakawa na kisamaki cha urefu wa kidole, kikimtazama.

"Mama Berthe, hii nini? Mayi ya kunywa iko na samaki?"

"Iko na samaki tangu bibi yangu."

"Iko uchafu, mama. Sheria ni sheria." Akauinamisha mtungi. Kisamaki kikaruka ruka mchangani, kuku mmoja akaja mbio, basi.

Mama Berthe hakupiga kelele, na hilo peke yake lingetosha kumtisha mtu mwenye akili. Alikunja mikono kifuani.

"Papa Ngungi, umeua polisi yangu."

"Polisi gani?"

"Ile samaki. Ilikuwa inakula batoto ya ngungi. Kazi yako ile ile, ila yeye haitaki kofia wala baiskeli. Sasa nani atabakula? Weye? Fungua kinywa tuone."

Majirani walicheka mpaka wakashikana mabega. Cyprien aliandika jina lake kwenye fomu kwa herufi kubwa kuliko kawaida, akaondoka. Mtu akichekwa na haki iko upande wake husahau upesi. Yeye hakusahau. Baada ya siku tisa alirudi, akafunua mtungi ule ule, ambao sasa haukuwa na samaki kama alivyoagiza, akachota. Viluwiluwi ishirini na vitatu vilikuwa vikijikunja ndani ya upawa.

"Hesabu vizuri," alisema Mama Berthe kutoka jikoni. "Usiniibie hata kimoja."

Huyu Cyprien alikuwa na kasoro nyingi, lakini uongo wa hesabu haukuwa mojawapo. Aliandika ishirini na tatu. Kisha, badala ya kwenda nyumba inayofuata, akashuka mpaka kwenye dimbwi la mihogo. Wanawake wawili waliokuwa wakiopoa mihogo yao walinyamaza walipomwona. Akachota mara kumi, akachota mara thelathini, akazunguka mpaka kwenye majani ya ng'ambo, viatu vimejaa tope. Hakuona kiluwiluwi hata kimoja. Aliona visamaki vya urefu wa kidole, chungu nzima, vikikimbia kivuli cha upawa.

Hili hasa halikuwa jambo geni kwake. Kwa miaka minne alikuwa akiandika sufuri mbele ya jina la dimbwi hilo. Lakini sheria ilisema maji yaliyotuama ni adui, na adui hafanywi rafiki kwa sababu siku hiyo hakukupiga. Fomu ilikuwa na safu ya viluwiluwi peke yake. Safu ya samaki haikuwapo, na kitu kisicho na safu Cyprien alikuwa amezoea kutokiona.

Mwisho wa mwezi akaitandika ramani nyumbani kwake, Jumamosi mchana, akapandisha nukta zake zote kutoka kwenye daftari. Nyekundu kwa homa, nyeusi kwa maji. Alipomaliza alisimama kuitazama, akadhani amekosea mtaa. Kuzunguka dimbwi la mihogo, mahali alipotarajia wekundu mtupu, karatasi ilikuwa nyeupe, nukta moja huku, moja kule. Wekundu ulikuwa umejazana upande wa juu kama upele. Ulikuwa kwenye barabara yake mwenyewe. Na katikati ya wekundu huo hapakuwa na nukta nyeusi hata moja, kwa sababu kwenye orodha ya maji ya mtaa hapakuwa na maji yoyote huko.

Hakuna homa bila mbu, wala mbu bila maji. Cyprien alichukua upawa akatoka.

Hakwenda mbali. Nyuma ya nyumba za mwisho za barabara yake palikuwa na mashimo. Alipita kando yake kila siku kwa baiskeli, asubuhi na jioni, kwa miaka miwili na nusu. Yalikuwa mashimo kumi na saba, mapana, ya kina cha goti, yaliyo wazi kwa jua, na mvua za mwezi huo zilikuwa zimeyajaza maji ya rangi ya chai. Hayakuwa na majani, wala vyura, wala samaki. Orodha yake ya maji iliandikwa mwaka wa hamsini na tatu. Mashimo haya yalizaliwa baadaye, na hakuna aliyemwambia ayaongeze. Akainama, akachota.

Hakuhesabu. Havikuhesabika. Maji ndani ya upawa yalikuwa yakitembea.

Akachota shimo la pili, na la tatu. Kwenye la nne aliacha, akachuchumaa ukingoni, kwa sababu alikuwa ameanza kuutazama udongo. Ulikuwa mwekundu. Aliujua udongo huo. Aliwahi kusimama siku arobaini akiuangalia ukimwagwa kutoka kwenye malori, na hata siku moja hakujiuliza ulikuwa ukitoka wapi. Ulitoka hapa. Walichimba hapa kufukia kule. Kinamasi kimoja chenye samaki kiliuawa, mashimo kumi na saba yasiyo na samaki yakazaliwa mgongoni mwa nyumba yake, kwa saini yake. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hawakusema kwamba mara nyingine huanza kuingia mtoto wake.

Alipiga hesabu ya miezi kwa vidole, ingawa hakuwa na haja. Walichimba mwanzoni mwa mwaka. Mvua kubwa zikaja mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi, Colette. Padri alisema ni mapenzi ya Mungu, na Cyprien aliyashikilia maneno hayo miaka miwili kama mtu ashikavyo ukuta gizani. Sasa ukuta ulimwachia. Alilia pale pale ukingoni, kwa sauti, mtu mzima mwenye kofia ya serikali, na hakujali nani anamwona.

Aliporudi, Léon alikuwa na joto tena. Honorine alikuwa amemlaza mapajani akimnywesha kinini iliyosagwa kijikoni, mtoto akiitema, yeye akimfuta na kuanza upya. Cyprien aliketi mezani mbele ya ramani. Kando yake ilikuwa karatasi ya dimbwi, ikingoja saini.

Nitasema jinsi shetani alivyomjia, maana alimjia kwa adabu, kama karani. Mashimo hayamo kwenye orodha, alimwambia. Wewe uliambiwa utie nukta kwenye maji ya mtaa. Usipoyachora hutakuwa umedanganya. Tia saini hii, uwe kiongozi, kisha mwakani, kimya kimya, utaomba mashimo nayo yafukiwe. Hakuna atakayeuliza. Honorine hatauliza. Cyprien alichukua kalamu, akaandika C, akaandika y.

"Hizi nyekundu ni nini?" aliuliza Honorine. Alikuwa amesimama nyuma yake, Léon begani.

"Nyumba yenye homa. Ya mwaka huu."

Akainama, akatafuta barabara yao kwa kidole mpaka akaifikia nyumba. "Hii Léon?"

"Ndiyo."

"Na Colette iko wapi?"

Ilikuwa miaka miwili hajalitamka jina hilo ndani ya nyumba. Cyprien angeweza kusema kwamba ramani ni ya mwaka huu tu, na ingekuwa kweli. Badala yake kalamu ilimtoka mkononi. Akamweleza yote: samaki wa Mama Berthe, dimbwi, mashimo, udongo mwekundu na ulikokwenda. Alimweleza akiitazama medali ukutani, kwa kuwa hakuweza kumtazama yeye.

Honorine alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni weye ulisaini?"

"Ni mimi."

Hakulia, hakumtukana. Cyprien angefurahi kutukanwa. Alisema tu, "Toka inje kidogo," na Cyprien akatoka kama alivyoambiwa, akakaa kwenye ngazi akisikiliza Léon akinung'unika ndani. Aliporuhusiwa kuingia jua lilikuwa linashuka, na Honorine alikuwa jikoni akimenya ndizi kana kwamba hakukuwa na kitu. Kwenye ramani, juu ya nyumba yao, palikuwa na nukta nyekundu mbili. Ya pili ilikandamizwa kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Cyprien alichukua penseli nyeusi akayachora mashimo, moja moja, yote kumi na saba.

Jumatatu, Docteur Deweer aliinamia ramani muda mrefu, mikono nyuma. Aliufuata weupe wa dimbwi kwa macho, akaufuata wekundu, akafika kwenye kile kitundu.

"Hii hapa imezidi. Nyumba moja, nukta moja. Nilisema."

"Non, docteur. Iko ya hamsini na tano. Ndiyo ya kwanza."

"Nani aliiweka?"

"Mama yake."

Daktari akakaa. Cyprien alibaki wima, kofia mkononi, akamweleza habari ya malori na saini, kwa sauti ya mtu anayesoma fomu. Daktari akaomba jalada la mwaka huo, akalifungua, akaiona saini, nzuri, yenye mkia. Akalifunga jalada.

"Bon," alisema mwishoni. "Dimbwi ya mihogo ibaki kwanza. Mkuu wako atakasirika, na kile cheo, Cyprien, mi nadhani..."

"Mi najua, docteur."

"Mashimo basi. Tufukie mashimo." Akakuna shingo yake iliyoungua. Kisha mkono ukasimama hapo hapo. "Na udongo ya kufukia, tutatoa wapi?"

Walitazamana. Mahali pengine palipokuwa na furaha kidogo wangecheka.

"Docteur," alisema Cyprien, "kuna mama moja iko na polisi."

Kumwambia daktari ilikuwa rahisi. Kumwambia Mama Berthe ndiyo ilikuwa kazi. Cyprien alikwenda kwa miguu, akasimama nje ya ua mpaka akaribishwe, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu apewe kofia.

"Upawa iko wapi?" aliuliza Mama Berthe. "Ngoja niite batu. Papa Ngungi ameingia kwangu mikono mitupu!"

"Mama Berthe, nimekuja kuomba samaki. Na kuomba musamaha ya ile moja."

Mama Berthe alikuwa na maneno tayari, makali, ya kutosha wiki nzima. Alifungua kinywa ayatoe, akauona uso wa Cyprien, akayarudisha. Akamvutia kigoda. Cyprien alipomaliza kueleza, mama huyo akasema kwamba shimo moja linataka samaki wasiopungua kumi, pamoja na majani ya dimbwini, maana samaki bila majani huliwa na ndege siku hiyo hiyo. Akasema pia wasisubiri, kwa kuwa mvua haisubiri.

Jumamosi iliyofuata walitoka dimbwini wanawake kumi na wawili, mitungi na mabeseni vichwani, wakapanda mtaa mzima kwa mstari, maji yakiwadondokea mabegani. Waliokuwa wameandikwa kwenye fomu na Cyprien, na waliomwagiwa maji na Cyprien, walibeba. Sitasema walimsamehe wote. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba anafanya hivi kwa ajili ya wanawe, si kwa ajili yake. Cyprien alisema ndiyo, mama. Alikuwa ndani ya shimo la kwanza, maji magotini, akipanda majani kwenye tope, na kila mtungi ulipofika aliupokea na kuuinamisha polepole, samaki wakateleza majini.

Honorine hakuwa amesema naye tangu Jumamosi ile. Alimpikia, alimfulia, lakini maneno alimpa Léon. Tena hakuwahi kukanyaga kwenye mashimo hayo, hata kabla hajajua, alisema yananuka. Ndiyo maana Cyprien, alipoinua macho na kumwona akija mwisho wa mstari, Léon mgongoni na mtungi mkubwa kichwani, alidhani ni mtu mwingine.

Alikuja mpaka ukingoni. Alilitazama lile shimo, la kwanza kutoka nyumbani kwao, akalitazama sana. Wanawake wengine wakageuka wakajitia kuzungumza. Ndani ya mtungi kisamaki kimoja kiligonga ukuta wa udongo, wakakisikia wote wawili.

"Papa Colette," alisema Honorine, "shika hii mutungi. Iko nzito."

Akaupokea.